Dian Fossey, mwanamke aliyehesabu gorila wa Virunga

Mtu akisimama Kibumba asubuhi mapema, mbele ya mawingu kufunika, anaona mlima Mikeno wima juu yake, na pembeni Karisimbi. Katikati ya ile milima miwili kuko uwanda mdogo wa majani unaoitwa Kabara, kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Ukiangalia kutoka barabarani, ni msitu tu. Mianzi imefungana, ukungu unashuka saa yoyote, na mnyama wa kilo zaidi ya 150 anaweza kukaa mita chache mbele yako bila umuone.

Basi mtu anawezaje kusema mule ndani kuko gorila wangapi? Ng'ombe unawahesabu wakipita mlangoni pa zizi. Gorila wa mlima hapiti mlangoni. Lakini bila hesabu, hakuna anayeweza kujua kama wanaongezeka ao kama wanaisha. Mwanamke mmoja wa Marekani alimaliza karibu miaka 19 ya maisha yake juu ya swali hilo, akianzia hapo Kabara, upande wa Congo. Jina lake Dian Fossey. Wengi wanajua namna alivyouawa. Ile kazi ya kuhesabu inajulikana kidogo sana, na ndiyo ilibaki.

Waliomtangulia

Fossey hakuwa wa kwanza kupanda Kabara. Mwaka wa 1921, Mmarekani Carl Akeley alifika kwenye Mikeno kuua gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alipata wale aliotaka, lakini akarudi na moyo mzito. Alianza kumuomba mfalme wa Ubelgiji atenge ile milima, na mwaka wa 1925 mbuga ya Albert ikaundwa, ile inayoitwa leo Virunga. Akeley alirudi tena mwaka wa 1926, akaugua njiani, akafia Kabara. Kaburi lake lilichimbwa palepale.

Mwaka wa 1959 akaja mtafiti kijana, George Schaller. Yeye alipanda bila bunduki. Alikaa Kabara, akafuata makundi ya gorila siku kwa siku, akazunguka na ile milima mingine. Mwisho alikadiria kwamba kwenye volkano zote za Virunga, ukichanganya Congo, Rwanda na Uganda, kulikuwa gorila kama 450. Ile ilikuwa mara ya kwanza watu kuwa na hesabu yenye msingi. Kisha vurugu za uhuru zikaanza, Schaller akaondoka, na kwa miaka karibu saba hakuna mtu aliyejua kama wale 450 wangali wako.

Kutoka hospitali ya watoto

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kwanza 1932, San Francisco, jimbo la California. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, mama akaolewa na mwanaume mwingine, na mtoto alikulia nyumba ambamo hakusikia joto sana. Alipenda wanyama, farasi zaidi. Alianza masomo ya uganga wa wanyama lakini sayansi zilimshinda, akabadilisha. Mwaka wa 1954 alipata diploma ya kusaidia wagonjwa na walemavu kujifunza tena kazi za kila siku. Akaajiriwa katika hospitali ya watoto Louisville, jimbo la Kentucky.

Wale watoto, wengine walikuwa hawaongei, wengine waliogopa kila mtu mpya. Fossey alijifunza hapo jambo moja: usimkimbilie mwenye woga. Kaa chini, ngoja, muache akuzoee. Kumbe ile ndiyo masomo iliyomfaa sana baadaye.

Mwaka wa 1963 alikopa pesa benki, akaja Afrika kutembea. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa mifupa ya watu wa zamani. Alianguka ndani ya shimo la kuchimbia, akavunda kifundo cha mguu, lakini akaendelea na safari hadi Kabara. Huko aliona gorila wa mlima kwa mara ya kwanza. Alirudi Kentucky kazini, lakini kichwa kilibaki mlimani.

Miaka mitatu baadaye Leakey alifika Louisville kutoa mazungumzo. Yeye ndiye alikuwa amemtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, na sasa alitafuta mtu wa gorila. Alimuambia Fossey kwamba lazima aondolewe apandisiti mbele ya kwenda, juu mlimani hakuna munganga. Fossey akapasuliwa. Baadaye Leakey akamuandikia kwamba haikuwa lazima, alitaka tu kupima kama kweli ana nia. Nia ilikuwako. Mwisho wa 1966 aliingia Nairobi, akanunuliwa gari la zamani la Land Rover, akapita Gombe siku chache kuona namna Goodall anavyofanya kazi, kisha akaelekea Congo.

Kabara na mwalimu wake Sanwekwe

Mwezi wa kwanza 1967 alipanda Kabara na wapagazi. Mpiga picha Alan Root alimsaidia kusimamisha hema, akakaa siku mbili hivi, akashuka. Fossey akabaki na wafanyakazi wachache Wakongomani, mvua, na Kiswahili cha kuokoteza kutoka kitabuni.

Siku za kwanza alitembea msituni akiona paka majani. Aliyemfungua macho alikuwa Sanwekwe, Mkongomani aliyejua kufuata nyayo kwenye ile milima. Sanwekwe alimuonyesha kwamba gorila anaandika njia yake. Majani yanalala kuelekea kule kundi lilikoenda. Shina la mmea lililomenywa likiwa bado na maji, wamepita sasa hivi; likianza kukauka, ni la jana. Kwenye udongo kuna alama ya vifundo vya vidole, juu gorila hutembea akikunja ngumi. Na kuko kinyesi: kikiwa cha moto na chenye kungaa, wako karibu, kikiwa na mashimo ya wadudu, ni cha siku nyingi.

Kwa msaada huo Fossey alianza kufikia makundi matatu ya Kabara. Hapo akatumia ile akili ya hospitali. Hakusimama wima, hakuwakazia macho. Alitambaa, akajikuna kama wao, akatafuna majani wanayokula, akajifunza kutoa ile sauti ya kooni ambayo gorila hutoa wakiwa wameshiba na hawana wasiwasi. Alijaribu pia kuiga mdundo wa kupiga kifua, kisha akaelewa kwamba ile ni alama ya msisimko ao wasiwasi, akaacha.

Hiyo kazi ilidumu miezi sita tu. Mwanzo wa mwezi wa saba 1967 askari wa kukodiwa waliasi Bukavu na Kisangani, na Kivu yote ikatikisika. Mzungu peke yake mlimani, karibu na mpaka, alikuwa mtu wa kushukiwa. Siku moja Fossey na Sanwekwe walirudi kutoka msituni wakakuta waaskari kambini. Waliteremshwa, na Fossey akazuiliwa Rumangabo kwa majuma mawili hivi. Mwisho aliwadanganya waaskari kwamba makaratasi ya gari lake yako Kisoro, upande wa Uganda, na kwamba wakimpeleka watapata faranga na gari. Walimpeleka. Kufika Kisoro akakimbilia hoteli ya mzee mmoja Mjerumani aliyemjua, na Congo ikawa imefungwa kwake.

Karisoke, na namna ya kuhesabu usioona

Wengine wangerudi kwao. Yeye alizunguka mlima. Tarehe 24 mwezi wa tisa 1967 alisimamisha hema upande wa Rwanda, katikati ya Karisimbi na Visoke, kwenye urefu wa mita 3,000 hivi. Alichukua herufi za milima yote miwili akatunga jina: Karisoke. Kwa mguu haikuwa mbali na Kabara. Gorila wenyewe hawajui mpaka. Kundi linalala Congo leo, kesho linakula Rwanda.

Wakaaji wa chini walimpa jina Nyiramachabelli, mama anayeishi peke yake msituni. Hakuwa peke yake kabisa. Vijana wa vijiji vya karibu walifanya naye kazi ya kufuata nyayo kwa miaka mingi, wengine maisha yao yote, na bila wao hakuna daftari moja lingejazwa.

Kwanza alitaka kujua kila mmoja kwa sura. Aliona kwamba mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua ya gorila haifanani, sawa na alama za vidole vya binadamu. Alichora kila pua kwenye karatasi, akaandika jina pembeni. Mengi yalikuwa ya Kiswahili: Simba, Kweli, Macho, kwa ajili ya macho yake makubwa. Mwenye kidole kilichopinda alimuita Digit. Kwa makundi ya karibu na kambi, kuhesabu kulikuwa kama kuita watoto darasani. Mwaka wa 1970 dume mmoja kijana, Peanuts, alinyoosha mkono akagusa vidole vyake. Gorila wa mlima walikuwa wamemkubali.

Lakini makundi ya Karisoke yalikuwa sehemu ndogo tu ya Virunga. Volkano zote pamoja zina msitu wa kilomita za mraba kama 450, kutoka Mikeno hadi Muhabura, wenye makorongo yasiyopitika. Huko gorila hawakumzoea mtu. Wakisikia tawi linavunjika wanakimbia. Namna gani kuwahesabu?

Jibu lilikuwa vitanda. Kila jioni, kila gorila aliyeacha kunyonya anajitengenezea kitanda chake: anakunja majani na matawi kuzunguka mwili wake, analala, na asubuhi anakiacha. Kesho atatengeneza kingine mahali pengine. Ni kama kuhesabu familia katika kambi ya wakimbizi. Mchana watu wametawanyika, mmoja shambani, mwingine sokoni, na ukihesabu utawapoteza ao utamuhesabu mtu mmoja mara mbili. Usiku kila mmoja yuko mahali pake.

Fossey na wanafunzi waliokuja Karisoke walienda na hema ndogo sehemu kwa sehemu. Wakipata nyayo mpya, wanazifuata nyuma hadi mahali kundi lililala. Wanahesabu vitanda. Kisha wanatafuta mahali pa usiku mwingine, na mwingine, hadi usiku tatu mfululizo, juu ya usiku mmoja unadanganya: kitanda kimoja kinaweza kuwa kimefichwa chini ya mti. Hesabu za usiku tatu zikikubaliana, kundi limejulikana.

Na kitanda kinasema zaidi ya idadi. Asubuhi gorila anaacha kinyesi ndani yake. Kikubwa sana, na nywele nyeupe kwenye majani, ni dume mzima mwenye mgongo mweupe. Cha katikati ni jike ao dume kijana. Penye kikubwa na kidogo sana pamoja, ni mama na mtoto wake, juu mtoto analala kwa mama hadi miaka mitatu na zaidi. Kwa hiyo watu waliokuwa wanashika mavi mkononi na kuyapima kwa rula, walikuwa wanaandika kabisa: kundi hili lina dume moja, majike manne, watoto wawili. Tena ile orodha iliwasaidia wasihesabu kundi moja mara mbili. Likihamia bonde lingine, wangelitambua kwa umbo lake.

Hata hivyo kulibaki mashaka. Mtoto mchanga hana kinyesi cha kuonekana vizuri. Dume anayetembea peke yake anapita katikati ya timu mbili bila kuonwa. Ndiyo sababu kwa msitu mzima hakuna hesabu kamili. Kuko wale walioonekana, na juu yao yanaongezwa makadirio ya waliokosekana.

Hesabu inashuka

Mwanzo wa miaka ya 1970 matokeo yalipochanganywa, yalionyesha gorila kama 270. Schaller alikuwa amekadiria 450. Hesabu ya 1981 ilipata karibu 250. Kwa miaka ishirini, karibu nusu walikuwa wametoweka, na hakuna ugonjwa mkubwa uliokuwa umeonekana.

Sababu zilijulikana. Mwisho wa miaka ya 1960, upande wa Rwanda, kama hekta 10,000 za mbuga zilikatwa ili kupanda pareto, ua la kutengeneza dawa ya wadudu kwa soko la Ulaya. Ile ilikuwa karibu mbili ya tano za mbuga yote ya huko, tena sehemu ya chini yenye joto na chakula kingi. Ng'ombe walichungwa ndani ya msitu. Mitego ya kamba na waya iliwekwa kwa ajili ya swala na mbogo, lakini kamba haichagui. Mtoto wa gorila akiingiza mkono, anatoka na kidonda kinachooza. Kisha kulikuwa wanunuzi. Mwaka wa 1969 watoto wawili walikamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Gorila wakubwa hawaachi mtoto achukuliwe hivihivi. Fossey aliandika kwamba 18 waliuawa ili wapatikane wale wawili. Aliwatibu kambini, akawapa majina Coco na Pucker, akalazimishwa kuwatoa. Wote wawili walikufa Ulaya mwaka wa 1978.

Mtu anaweza kufikiri dume mmoja akifa ni mmoja ameondoka kwenye 250. Siyo hivyo. Jike anazaa mtoto mmoja kila miaka minne hivi, na anaanza akiwa na miaka kama kumi. Dume mkuu akiuawa, kundi linakosa mlinzi, majike wanatawanyika kwa madume wengine, na mara nyingi dume mpya anaua watoto wachanga wa yule wa zamani. Risasi moja inaweza kufuta gorila wengi kwenye daftari.

Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 1977 hesabu hiyo iliingia nyumbani mwake. Digit, aliyemjua tangu alipokuwa mdogo, alisimama kati ya wawindaji wenye mbwa na kundi lake. Wengine 13 walikimbia wakapona. Yeye alichomwa mikuki, akakatwa kichwa na mikono. Mtoto wake, Mwelu, alizaliwa miezi michache baadaye. Mwezi wa saba 1978 mkuu wa kundi hilohilo, Uncle Bert, alipigwa risasi, na Macho pia. Kweli, mtoto wao wa miaka mitatu, aliponea na kidonda cha risasi, akafa baadaye. Watafiti wengi wangeandika gorila wanne pungufu. Fossey alichora pua za wote wanne.

Vita vya mama mmoja

Tangu hapo alibadilika. Alianzisha mfuko wa pesa kwa jina la Digit, akalipa vijana wa kutembea msituni na kungoa mitego. Ile ilikuwa kazi nzuri, na mitego iliyongolewa ilikuwa mingi sana. Lakini alifanya na mambo mengine. Wawindaji waliokamatwa walipigwa. Vibanda vyao vilichomwa moto. Alivaa vinyago na kujifanya mchawi ili kuwatisha, akafukuza wachungaji na ng'ombe wao kwa nguvu. Hakuwa polisi wala tribinali, na wale aliowatesa walikuwa raia kwenye nchi yao wenyewe.

Wawindaji wengi walikuwa maskini kabisa, Watwa na wengine, watu waliotoa nyama, asali na kuni ndani ya ule msitu mbele ya mbuga kuwako. Wakulima wa chini walikuwa wamejaa kwenye mashamba madogo. Hao hakuwaingiza kwenye hesabu yake. Alijua kila gorila wa kundi la nne kwa jina, lakini wanadamu waliozunguka mlima aliwaona zaidi kama hatari. Hapo ndipo aligombana na wengi, hata wanafunzi wake wa zamani. Wao walisema gorila wataishi kama wakaaji watapata faida: watalii walipe, shule zifundishe, walinzi waongezwe. Tangu 1979 mpango wa namna hiyo ulianza Rwanda. Fossey aliupinga. Aliogopa watalii watawaletea gorila magonjwa, na aliona pesa inatembea huku mitego ingali inasimama. Juu ya magonjwa hakukosea. Hadi leo watalii wa gorila wanaambiwa wakae mbali na wavae barakoa. Juu ya watu, hesabu zilizofuata zilimpinga.

Mwanzo wa miaka ya 1980 alikwenda Marekani kufundisha chuoni, akamaliza kitabu chake juu ya gorila, kikatoka 1983. Mapafu yalikuwa yamechoka kwa sigara na baridi. Alirudi Karisoke, akapanda ileile njia akipumua kwa shida.

Usiku kati ya tarehe 26 na 27 mwezi wa 12 mwaka wa 1985, aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake ya mabati. Alikuwa na miaka 53. Kesi ilihukumiwa Rwanda mwaka uliofuata, lakini ukweli wa nani alimuua na kwa nini unabishaniwa hadi leo. Alizikwa palepale Karisoke, kwenye makaburi aliyochimba kwa ajili ya gorila, karibu na Digit.

Daftari halikufungwa

Mwaka wa 1986, miezi baada ya kifo chake, timu zilizunguka tena milima zikihesabu vitanda kama alivyofanya. Walipata karibu 290. Kwa mara ya kwanza tangu Schaller, idadi ilikuwa imepanda. Mwenyewe hakuiona.

Kisha vita zikaja. Kambi ya Karisoke iliharibiwa, wakimbizi kwa maelfu walipita kwenye misitu, na upande wa Congo makundi ya silaha yaliingia ndani ya mbuga. Mwaka wa 2007 gorila wa familia moja waliuawa kwa risasi upande wa Virunga, na picha ya dume lao likibebwa na wanakijiji kwenye miti ilizunguka dunia. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekufa kazini kwa hii miaka. 

Pamoja na hayo yote, nchi tatu ziliendelea kuhesabu pamoja. Mwaka wa 2003 walipatikana 380. Mwaka wa 2010, 480. Hesabu ya 2015 na 2016 ilitoa 604 kwenye volkano za Virunga. Ukiongeza wale wa msitu wa Bwindi na Sarambwe, gorila wa mlima walipita 1,000, na mwaka wa 2018 waliondolewa kwenye daraja la wanyama wanaokaribia kabisa kuisha, wakawekwa daraja moja chini yake.

Namna ya kuhesabu imeongezewa kitu. Bado watu wanafuata nyayo, bado wanatafuta vitanda vya usiku. Lakini kile kinyesi hakipimwi kwa rula tu. Kipande kinapelekwa maabara, na ndani yake wanasoma ukoo wa kila gorila, sawa na Fossey alivyosoma pua. Tena wanapita msitu mzima mara mbili. Wale walioonekana mara zote mbili, na wale walioonekana mara moja tu, wanasaidia kujua wangapi hawakuonekana hata mara moja. Mara nyingi makundi yaliyokosekana safari ya kwanza yanapatikana ya pili.

Watu wanaofanya ile kazi sasa ni vijana wa Congo, Rwanda na Uganda. Wanapanda na vipaketi vya plastiki, kalamu na rula, wanalala kwenye baridi, asubuhi wanapiga magoti mbele ya kitanda cha majani na kuandika nani alilala pale. Sanwekwe angeitambua ile kazi mara moja.